Samoni wa Oktoba

Vibanda vya Kusini,
Mto Rangitata.
Ijumaa, 4 Oktoba 1974

Kaka Merv,

Usiitupe barua hii motoni kabla hujaisoma. Najua umeutambua mwandiko, na najua mkono mmoja umeshashika mlango wa jiko. Subiri kidogo. Miaka minne hatujasemezana, na kama si jambo hili ningengoja minne mingine, maana ukaidi wako na wangu tuliunyonya ziwa moja.

Nimemwona samoni.

Sasa umeketi. Vizuri.

Ilikuwa jana, Oktoba tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mto unapoingia baharini, maji mapajani, nakinga inanga kwa wavu wangu. Ghafla wale visamaki wakaanza kuruka kama mvua inayonyesha kwenda juu. Nikasema moyoni, samaki kahawai hao, wamekuja kula. Halafu akapanda. Merv, alitoka mzimamzima mpaka mkia, hatua kumi tu kutoka kwangu, mpana, mweupe kama sahani mpya, mgongo una madoa, akaangukia ubavu, pwaa! Kahawai haanguki hivyo. Wavu ulinitoka mikononi ukaenda na maji, inanga wa asubuhi nzima wamo ndani, wala sikuukimbilia.

Nikatoka mbio hadi kwa jirani yangu Wiki Waaka. Kaka yake, Hemi, alikuwa pale nje anachemsha chai. Nilipomwambia tu, akawaita wenzake: "Jamani njooni! Oktoba amezaa!" Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Huna haja ya kuelezwa wanachekea nini. Tangu Baba aliposema amevua samoni Oktoba ya mwaka 1938, mwezi mzima kabla samoni hawajaanza kuingia, jina lake ni Oktoba, na sisi ni watoto wa Oktoba. Huku kwetu mtu akitia chumvi huambiwa, "Usituvulie Oktoba." Nimeyasikia hayo tangu nina miaka sita. Na wewe, mtu pekee uliyekuwa naye siku ile, ukasimama kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka themanini, ukumbi umejaa, ukasema, "Baba, acha uongo wako." Uso wake ulivyokuwa, sijausahau.

Sasa sikia. Kifua cha Baba kinazidi kuwa kibaya. Muuguzi pale nyumba ya wazee Temuka ameniambia nisipange sana mambo ya Krismasi. Nataka nimpelekee samoni wa Oktoba mapajani mwake, akiwa bado anaona. Mkondo mwaka huu unapita upande wako. Vua kwako, nivue kwangu, atakayempata ampate. Ugomvi wetu tuupe likizo ya mwezi mmoja.

Barua hii itazunguka siku mbili na gari la posta ili ivuke maji ambayo ningerusha jiwe likayavuka. Haidhuru.

Dada yako (bado),
Noeline


Vibanda vya Kaskazini
Jumatatu, 7 Oktoba

Noeline,

Barua imefika. Sikuichoma.

Ulichokiona ni kahawai. Kahawai mnene, jua la asubuhi usoni, na mwanamke aliyeacha miwani mezani. Au pengine trauti wa baharini, nao huwafuata inanga kila mwaka. Samoni wa kwanza wa mto huu huingia Novemba, na wengi hungoja Krismasi ipite. Nimeuvua mto huu tangu sijaota ndevu. Oktoba hakuna samoni. Hakuna, na hakujawahi kuwa.

La pili. Baba mwache apumzike. Usimwambie umeona kitu, usimwambie unavua. Kuna mambo yakishalala chini ya maji, yaachwe huko. Usiniulize kwa nini. Kama huwezi kunisikia kama kaka yako, nisikie kama jirani.

Na lile la ukumbini, nilikuwa nimekunywa. Nilikosea mahali pa kulisemea. Zaidi ya hapo siandiki.

Merv

Baada ya kufunga barua nimeifungua tena. Alipanda kabla maji hayajaanza kujaa, au yalikuwa yameanza? Na hayo madoa, mkiani nako yalikuwepo? Nauliza tu.


Vibanda vya Kusini
Alhamisi, 10 Oktoba

Kaka Merv,

"Nauliza tu"! Ama kweli wewe hujui kuficha.

Jana alfajiri nilimwona mtu ng'ambo, ana koti la mvua la manjano, amesimama kwenye ncha ya kokoto anarusha mshipi kama anayeua nyoka. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani. Nikajiambia, ni kahawai gani hao wanaomtoa Merv Hislop kitandani kwenye baridi kama hii?

Nakujibu. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Madoa mkiani yalikuwepo, juu na chini. Haya, niambie tena ni trauti.

Na si hilo tu. Jumanne walipanda wawili! Wawili, Merv, mmoja nyuma ya mwenzake, na safari hii Wiki alikuwa ubavuni mwangu. Akaweka kikombe chini taratibu, akanambia, "Mama, huyo si kahawai." Nikamwambia akamweleze kaka yake. Akasema, "Nikamweleze Hemi? Hemi nitamweleza samaki akiwa kwenye mizani. Kabla ya hapo nami nitaitwa Oktoba."

Silali. Nakula nimesimama. Nimefunga kijiko kipya mshipini, kile chambo cha bati kinachometa upande mmoja, na fundo nimelirudia mara tatu.

Lakini nambie ukweli. Kwa nini Baba asijue? Unaogopa yeye aonekane mkweli na wewe uonekane uliyemzulia? Ni hilo? Kama ni hilo, liseme, nitakudharau kidogo halafu tuendelee kuvua. Bado sijamwambia, na si kwa sababu ya amri yako. Sitaki kumpelekea maneno. Maneno anayo ya kutosha.

Noeline


Vibanda vya Kaskazini
Jumapili, 13 Oktoba

Dada Noeline,

Uvumilie mwandiko. Ni saa nne asubuhi na bado sijavua koti lililolowa.

Leo saa moja kasorobo kijiko kilikuwa kinashuka kwenye ukingo wa mkondo, nikahisi kama kimegonga jiwe. Jiwe likatembea. Noeline, kile kigurudumu cha mshipi kililia, sijawahi kukisikia kikilia vile! Hatua hamsini za mshipi, mia, mia na hamsini, moja kwa moja kwenda baharini, mimi namkimbilia kwenye kokoto, koti linanipiga magoti. Akapanda kwenye wimbi la kwanza. Nikasimama, nikamwona mzima. Halafu fundo likakatika.

Nikakaa chini. Mzee mzima wa miaka arobaini na saba, nimekaa kwenye kokoto zilizolowa, nacheka peke yangu.

Ulisema kweli. Ni samoni. Si chini ya ratili ishirini. Unajua ni mara ngapi nimewaambia watu Oktoba hakuna samoni? Na nilisema kwa uhakika, kwa sababu siku ile

Mstari huo nimeuacha.

Badilisha mshipi wako, ule wa mwaka jana umechoka kama wangu. Na fanya haraka. Upinde wa mawingu umesimama juu ya milima tangu jana, upepo wa kaskazini-magharibi unakuja, na ukifika theluji yote itashuka kwetu ikiwa tope.

Ombi langu liko palepale. Tumpate, tumpime, tumpige picha, tuwafunge midomo akina Hemi, iishie hapo. Baba asiambiwe. Tafadhali. Neno hilo sijakuambia tangu tukiwa watoto, kwa hiyo ujue lina uzito.

Merv


Vibanda vya Kusini
Jumatano, 16 Oktoba

Kaka,

Upepo umefika. Mto una rangi ya chai ya maziwa, unabeba miti mizima na mizizi yake. Asubuhi kibanda cha choo cha mtu kimepita hapa kimesimama wima, Hemi akakivulia kofia. Huwezi kurusha kitu. Nazunguka kibandani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Muuguzi alipiga simu. Baba hajala tangu Jumatatu.

Tafadhali yako nimeisoma mara tatu. Siielewi, na siwezi kuahidi nisichokielewa. Nambie mto wako unasemaje.

Noeline


Vibanda vya Kaskazini
Ijumaa, 18 Oktoba

Dada,

Nampa barua hii dereva wa gari la mikate, atafika kwenu kesho.

Maji yanapungua. Lakini mafuriko yametoboa mlango mpya wa mto. Ule mkondo uliokuwa kwangu umekufa, limebaki dimbwi la bata. Sasa unapita miguuni pako. Samaki ni wako, Noeline.

Jumatatu maji yatakuwa yamefifia, rangi ya majivu. Nenda kabla ya jua. Simama pale maji ya mto ya kijivu yanapokutana na ya bahari ya kijani, ndiko anakosubiri. Rusha juu ya mkondo. Acha kijiko kizame, hesabu hadi saba, halafu vuta polepole kama unavyovuta shuka usimwamshe aliyelala. Akishika, usibishane naye. Akitaka kwenda, nenda naye. Nilichokosea mimi ni kusimama.

Nitakuwa upande wangu. Sitakuwa na msaada wowote ila kelele.

Merv


Vibanda vya Kusini
Jumanne, 22 Oktoba

Kaka Merv,

Naandika kitandani, nina homa, Wiki amenifunika mablanketi matano na ananitisha kwa supu. Mwanzo wa kisa cha jana uliuona kwa macho yako. Mwisho wake hukuuona, basi nikusimulie yote.

Nilihesabu hadi saba kama ulivyosema, asubuhi nzima. Saba, hakuna. Saba, hakuna. Jua likatoka. Wiki akanambia, "Rusha mara moja ya mwisho, twende tukale." Nikarusha. Sikufika hata tano.

Merv! Nilidhani mkono umeng'oka begani! Alikwenda na mkondo, nikaenda naye, nikaanguka, maji yakaniingia ndani ya yale mabuti ya kufika kifuani, nikainuka naye bado yupo. Wiki anapiga kelele, "Usimwachie, usimwachie!" Hemi na wenzake wametoka vibandani, mmoja ana povu la sabuni shavuni. Hemi akasema, "Kahawai mkubwa huyo." Wiki akamwambia, "Funga mdomo wako ulete ngoe." Dakika arobaini nilimtembeza, au alinitembeza. Alipogeuka ubavu kwenye maji ya kina kifupi, wote wakasogea ukingoni. Hemi mwenyewe akaingia na suruali yake akamtoa. Akambinua mdomo kwa kidole gumba. Ufizi mweusi tii. Si trauti, si kahawai. Hemi akavua kofia, na safari hii hakuwa anafanya mzaha.

Ratili ishirini na mbili.

Nilikuona ng'ambo unarukaruka, unapunga koti na kupiga kelele. Bahari ilimeza maneno yote. Nikakupungia na mimi, nikambeba samaki kwenye gunia lililolowa, nikaingia kwenye gari nilivyo, natiririka maji, mpaka Temuka. Najua ulikataza. Sikuweza, Merv. Nisingeweza hata ungekuwa umepiga magoti.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, blanketi mapajani, macho ukutani. Nikatandaza gazeti nikamlaza samaki juu ya magoti yake. Muuguzi akasema, "Mama, hapa si sokoni!" Baba akanyoosha mkono akamnyamazisha. Akampapasa samaki kutoka kichwani mpaka mkiani. Akamfungua mdomo. Akatazama ufizi muda mrefu.

"Wa lini huyu?"

"Wa leo asubuhi, Baba. Oktoba ishirini na moja."

"Mto gani?"

"Wetu."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikamshika. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka muuguzi wa pili akaja mbio. Akanishika mkono wangu uliojaa magamba, akasema, "Kumbe wapo! Noeline, mwanangu, kumbe wapo kweli!"

Sikuelewa. Nikamwambia, "Baba, si ulimvua mwenyewe, mwaka thelathini na nane?"

Akanitazama kama mtoto aliyefumaniwa analamba sukari.

"Kwani Merv hakukwambia?"

"Merv hajaniambia kitu."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Kicheko kikamwisha. Akaweka mkono juu ya samaki. Kisha akasema, "Basi nimemwonea yule mtoto." Na akanisimulia habari ya kondoo.

Merv, miaka minne nimekaa huku nikitazama moshi wa bomba lako na kuuchukia. Niliwaambia watu kaka yangu hana huruma. Ungeweza kunimaliza kwa neno moja, ukaninyamazia. Sijui nikukumbatie au nikupige na ngoe. Niandikie. Nataka niisikie kutoka kwako.

Baba alikula jana. Viazi vyote, na akaomba vingine.

Noeline


Vibanda vya Kaskazini
Jumatatu, 28 Oktoba

Dada yangu Noeline,

Zile kelele zangu za ng'ambo nilikuwa nasema, "Usimpelekee Baba!" Nilisema mpaka sauti ikakauka. Ukanipungia mkono ukatabasamu. Nikasema, haya, yamekwisha.

Nikusimulie kama ilivyokuwa. Mwaka ule wa thelathini na nane wewe ulikuwa kitandani na surua. Mto ulikuwa umetoka kujaa. Baba akashika kitu kizito, fimbo ikapinda nusu saa nzima, na watu wa kusini wakajipanga ng'ambo wakimpigia makofi. Alikivuta mpaka nyuma ya kilima cha kokoto, wasikoweza kuona. Manyoya yakatokeza. Kondoo jike, amekufa maji siku nyingi, tumbo limevimba. Ng'ambo bado wanashangilia. Baba akatoa kisu akakata mshipi, kondoo akaenda zake. Akanigeukia.

"Merv, umeona nini?"

"Kondoo, Baba."

"Umeona nini?"

"Samoni, Baba."

"Ratili ngapi?"

"Ishirini."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nadhani yeye mwenyewe alitaka iwe mzaha wa siku moja, lakini walipoomba kumwona samaki na kuanza kumcheka akashindwa kurudi nyuma. Shuleni nilipigana kwa ajili ya samaki yule mpaka jino likang'oka. Kila mwaka aliniita mbele za watu: "Muulizeni Merv, alikuwepo." Siku ile ya ukumbini aliniita tena. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, Noeline, na bado naulizwa nimeona nini. Yakanitoka. Kisha nikaona uso wako, nikajua siwezi kujitetea kwako bila kukunyang'anya baba yako. Basi nikanyamaza.

Sasa ya jana, maana Wiki ameniambia homa imekuzuia kwenda na hakuna aliyekusimulia sawasawa.

Nilikwenda Temuka mchana. Nilikuwa sijaingia chumba kile miaka minne. Baba akaniona mlangoni, akafungua mdomo, na kabla hajasema neno tukasikia viatu koridoni. Hemi Waaka! Amevaa tai! Nyuma yake wanaume watano, kofia mikononi, wamechana nywele kama wanaokwenda kuposa. Hemi akasimama katikati ya chumba akasema, "Mzee Cyril, tumekucheka miaka thelathini na sita. Tumekuita jina baya, na watoto wako. Jumatatu tumemwona samaki kwa macho yetu. Tumekuja kukuomba radhi."

Baba aliwasikiliza wote bila kupepesa macho. Alikaa wima. Noeline, hiyo ndiyo siku aliyoingoja maisha yake yote, na ilikuwa imeingia chumbani yenyewe, imefunga tai. Kisha akanitazama mimi.

Nikajua anachotaka kuniuliza. Na nikajua nitajibu nini. Nilikuwa tayari kusema ishirini. Kwa ajili yake, jana, ningesema hata thelathini.

"Ketini wote," akasema. "Merv, mwanangu, njoo usimame hapa karibu yangu. Siku ile, umeona nini?"

Nikasimama karibu yake. Wanaume sita wananitazama. Akanishika kiganja.

"Usiogope. Sema ulichokiona."

"Kondoo, Baba."

"Haya, mmesikia," akawaambia. "Kijana wangu huyu hajasema uongo maisha yake yote ila mmoja, na huo nilimwamuru mimi. Samahani nyie mnaniomba bure. Wa kuombwa ni yeye." Na akaniomba, Noeline. Mbele yao wote, mkono wangu umo mkononi mwake.

Halafu Hemi akalegeza tai yake, akasema, "Kondoo?"

"Jike," Baba akasema. "Na alipigana vizuri."

Basi wakapasuka! Mmoja wao, mwenye bawasiri, ilimbidi asimame. Hemi anapiga ukuta kwa ngumi, anauliza ile radhi yake arudishiwe na nani, na hiyo tai amevaa ya nini. Baba akawasimulia yote tangu mwanzo, kwa mikono, anakohoa na kucheka, na nakuapia ile hadithi ya kondoo inamzidi yule samoni mara kumi. Tulipoondoka alikuwa anaisimulia tena kwa muuguzi wa zamu ya pili.

Asubuhi ya leo mto uko safi. Nimemwona mwingine, kwako tena, chini kidogo ya pale ulipoangukia. Kunywa supu ya Wiki upone. Jumamosi nitazunguka kwa daraja kabla ya jua, nisimame upande wako, nikisema kitu unisikie.

Kaka yako,
Merv